Daftari la Stoo

Jalada limeliwa na mende. Ukurasa wa kwanza
una doa la mafuta ya taa, na mwandiko wa Wamimbi,
mwalimu wa jiografia aliyechoka kuchora mlima kwa chaki
ilhali Wanale umesimama dirishani ukimtazama:
*Kamba ya katani, moja. Sufuria, mbili.
Viatu vya kupandia, jozi tatu. Zote namba tisa.*

Kwa hiyo klabu ilianza na wenye miguu mikubwa.
Wenye midogo walisokota magazeti mbele,
wakapanda na habari za juzi chini ya vidole.

*Budadiri. Wameondoka saba, wamerudi sita.
Khaukha amebaki kwa shangazi yake, kwenye mianzi. Aonywe.*
Chini yake, kwa wino mwingine:
*Ameonywa. Ameleta malewa. Tumekula.*

Mwaka wa sabini na nne: *Nambozo ameomba viatu.
Hatuna vya wasichana.*
Halafu mkono wake mwenyewe, herufi zimelala kama nyasi za kileleni:
*Nimepanda kwa raba.
Nimefika Wagagai kabla ya mweka hazina.*

Kisha kurasa nne tupu.
Hakuna aliyezichana. Hakuna aliyeandika.
Turubai la hema, nasikia, liliezeka jiko la bweni;
na kamba ilishusha jeneza, sijui la nani,
haikurudishwa, na nani angeidai?

Themanini na saba, daftari linakohoa, linaanza upya:
*Leo amekuja Bwana Wepukhulu, mwanachama wa zamani.
Amerudisha jozi moja, aliyoazima kwa siku mbili.
Anasema alikimbia nayo usiku hadi Bungoma.
Amepaka dawa. Ameomba radhi kwa kuchelewa.
Faini ni senti hamsini kwa siku, kwa miaka kumi.*
Hesabu imeanzwa pembeni, ikaachwa njiani.
*Imefutwa.*

Jozi hiyo naitunza mimi sasa, kwenye msumari.
Wageni huipiga picha. Hatuiazimishi.

Ijumaa iliyopita akaja Chelimo, mwaka wa kwanza,
kutoka huko Kapchorwa, kandambili mguuni,
akauliza kama safari ya Jumamosi ni ya wenye viatu tu.
Nikamtazama miguu.
Nikapanda kwenye kiti.

*Jozi moja, namba tisa*, nimeandika.
Tarehe ya kurudisha
nimeiweka kwa penseli.