Kijiko cha Supu

Orest amekuja na karatasi tatu za rangi,
kazitandaza mezani juu ya makombo ya mkate.
Kila mashine imepigwa picha jua likizama,
haina tope, haina mkwaruzo,
na dereva anacheka kama mtu aliyesamehewa deni.
"Dada, hii ya sahani. Upana mita kumi na nane.
Siku nne tu, tumemaliza kupanda."
Nikamuuliza: siku ya tano tutafanya nini,
tukae tuhesabu riba?

Kizuri chajiuza. Hivi vilikuwa vinajitembeza.
Kwa hiyo mwezi wa tano, theluji ilipotoka mitaroni,
nikatia kijiko cha supu mfukoni mwa koti,
nikawafuata wauzaji huko huko mashambani.

Kwa Lyle Haugen mabua ya mwaka jana
yalikuwa yamelala, yamelowa umande.
Sahani zikapita kimya, laini,
kama mkasi wa fundi kwenye hariri.
Watu wakapiga makofi.
Mimi nikapiga magoti, nikafukua.
Bua halikukatwa. Lilikunjwa,
likasukumwa ufani,
na mbegu imelazwa juu yake, haijagusa udongo,
kama mgeni aliyelazwa juu ya mizigo yake.
Muuzaji akatazama viatu vyake.
"Mchana yakikauka, inakata."
Huenda. Lakini mimi hupanda na asubuhi.

Ya meno haikupigiwa makofi.
Inararua, inarusha madonge,
inakunywa dizeli kama wajomba harusini.
Ikagonga jiwe: springi ikalia,
jino likaruka, likarudi mahali pake, likaendelea.
Hapo nikasikiliza.
Kwetu mawe huota. Baridi huyapandisha kila mwaka,
ndiyo mavuno ya kwanza ya Saskatchewan,
na tuliyaokota utotoni hadi kucha zikaisha.

Bibi yetu Paraska, mpaka anakufa,
aliandaa meza na sahani kifudifudi,
vumbi lisiingie,
miaka hamsini baada ya vumbi lenyewe kutulia.
Babu alikuwa amelima, akapiga haro, akalima tena,
mpaka shamba likainuka asubuhi moja
likahamia Manitoba bila kuaga.
Orest hakumbuki. Alikuwa mdogo,
alidhani ni mchezo, akizigeuza zile sahani.
Mimi nataka udongo ulale umejifunika mabua yake,
upasuliwe kidogo tu, pale mbegu inapopita,
basi.

Mwezi wa saba Vasyl Prokopchuk aliuza vyote.
Ya meno, mita kumi na mbili, rangi imepauka,
tairi moja si ndugu wa zile nyingine.
Orest akaizunguka mikono nyuma, kama polisi.
Mimi nikafungua kifuniko cha tangi la mbegu.
Ndani, kwa penseli, misimu kumi na tisa:
*Ngano, tundu la saba.*
*Dengu, endesha polepole.*
*Shamba la mashariki inua kidogo, pana chumvi.*
*Kanola: Mungu ndiye ajuaye.*
Na pembeni, mwandiko mwingine, wa duara:
*Vasyl, njoo ule.*

Karatasi za rangi hazikuwa na maneno kama haya.
Mnadi hajamaliza kutaja bei, mkono wangu uko juu.
Orest akasema kitu kuhusu vipuri.
Akasema tena, kwa sauti.

Tulipoifunga kwenye trekta Vasyl alikuja,
hakutazama mashine, alitazama mnyororo.
"Jino la kumi na moja," akasema,
"lina uvivu. Linapanda juu juu.
Nimelirekebisha, Hanna alilirekebisha, wapi.
Ukifukua, anzia hapo."
Kisha akaenda kwenye gari lake
akakaa bila kuliwasha.

Nimelifunga utepe mwekundu jino hilo.
Kijiko bado kimo mfukoni, kimepinda shingo.
Orest anataka kujua tutakula supu na nini.