Kiti cha Kumi

Eliabu Mugoya hapokei simu Ijumaa
jua likishazama. Ukipiga, unajipigia mwenyewe.
Saruji ya kiwandani imemganda kwenye kucha,
sabuni ya mche imeshindwa nayo,
ila kitambaa cha meza ni cheupe, kimepigwa pasi,
na mkate ameusuka kama msichana wa Idi.
Mishumaa miwili. Kikombe cha juisi ya zabibu.

“Zamani ilikuwa mvinyo,” alituambia,
“mpaka nikawa nabariki kikombe hata Jumanne.”

Tulidhani ni Msabato.
Mtaa mzima wa Chikongola ulidhani hivyo,
hadi Somoe, asiye na haya, alipomuuliza:
Wayahudi mko wangapi hapa Mtwara?
Akainua kidole kimoja, akakitazama kama cha kuazima,
akakishusha.
Kwao, kilimani huko Mbale, sala ya jamaa hutaka watu kumi.
Mwezi wake wa kwanza hapa alinunua viti kumi vya plastiki,
vya bluu, vya mkopo,
akakalia kimoja.

Wa pili kukaa alikuwa Mnonji. Hakuja kwa miguu yake.
Eliabu alimtoa mtaroni nyuma ya ghala la korosho,
akamwosha uso, akamwekea ndoo kando,
akamsikiliza akitukana mpaka alfajiri.
Kulipokucha wakaenda Ligula, nauli ikatoka kwenye kopo la siagi.
Kopo hilo bado lipo. Mia tano tano.
Limelipa vidonge, limelipa kodi ya Akwilina miezi miwili,
limewahi kuibiwa, na aliyeliiba
ndiye sasa anayeweka hesabu.

Mimi nilikuja wa saba.
Mimi, niliyepika nipa Kitangari misimu kumi na mmoja.
Niulize bibo: lipi la kukamua, lipi la kuwaachia mbuzi,
uraka unachacha siku gani, mrija unalia vipi
tone la kwanza likikaribia.
Na utajuaje kama imeiva, usipoonja?
Nilionja.
Misimu kumi na mmoja nilikuwa nikionja tu.
Malipo ya mnada yakiingia, wanaume walipanga foleni kwangu
na noti ambazo hazijakunjwa hata mara moja.
Mnonji alikuwa mbele daima.

Sasa kati yetu kuna kiti kimoja.
Sijamwomba radhi vizuri; kila nikianza ananipa mkate.
“Kula, mama Likapa. Utapoa.”

Eliabu anasema kwao watu hawahesabiwi kwa namba,
ni mwiko; hugawana maneno ya sentensi moja,
kila mtu neno lake, ikitimia basi wametimia.
Ya kwao ni ya kitabuni. Sisi tukatunga yetu,
tukabishana wiki tatu, Akwilina akalia,
ikabaki hii:
Jana nilianguka leo nimekaa kesho sijui basi nishike mkono ndugu.

Neno langu ni mkono.
La kumi ni la mwanangu.
Likapa alijifunza kuonja chunguni mwangu, ana miaka tisa,
nami nikacheka alivyokunja uso.
Juzi alisema atakuja. Alisema hivyo pia msimu uliopita.

Usiku huu tumeanza kwa kuchelewa.
Jana, akasema Eliabu. Nilianguka, Mnonji.
Likazunguka, Somoe na kesho yake ya puani,
likanifikia, nikasema: mkono.

Kisha kiti kitupu.
Mshumaa mmoja ukatema nta.
Nje viatu vilipita mchangani, vikasimama;
huenda ni mlinzi anawasha sigara.
Hakuna aliyejazia neno. Hatujaziani.
Sentensi ikabaki hapo, imenyoosha mkono kuelekea mlangoni,
na mlango, Eliabu hajautia komeo.