Moto Usiozaa Jivu

Kila nikirudi zamu ya usiku Mama huuliza:
"Leo mmepika nini?"
Kwake yeye kule ni jiko tu, jiko la serikali,
lenye dohani mbili anazoziona akiwa dirishani
hapa Liwa, nyuma ya mashamba ya ndimu
yaliyokufa kwa chumvi.

Namwambia: upande wa mashariki gesi,
wa magharibi makaa ya mawe.
"Makaa," anasema, na mkono wake unakwenda wenyewe,
unapepea hewa,
kana kwamba kile kipepeo cha ukili hakikubaki Miembeni
mwaka ule walioondoka na nguo za mwilini.

Gesi ni mtoto wa siku hizi.
Unamgusa kwa kidole kwenye kioo,
chai haijapoa keshasimama, anavuma.
Makaa yataka kubembelezwa:
kuyaamsha kutwa, kuyalaza kutwa,
na ukiyakemea yanakukoholea.
Lakini Agosti, saa tisa mchana,
Batina nzima imejifungia na viyoyozi vyake,
sindano inapanda, inapanda,
hapo haulizwi mkubwa wala mdogo.
Wote wawili kamba moja.

Mwezi uliopita rundo la makaa lilishika moto lenyewe.
Hakuna aliyeliwasha.
Nyuzi arubaini na tisa, upepo wa gharbi kutoka jangwani,
na makaa yaliyosafiri kutoka Tete, Msumbiji,
yakakumbuka kwamba ni makaa.
Pir Bakhshi alipanda buldoza hadi alfajiri,
akalipasua, akalikanyaga, akalilaza,
akilisemesha Kibaluchi
kama mtu anayemtuliza ng'ombe aliyeshtuka.
Sajeesh alishika mpira wa maji, mvuke ukamvika kanzu.
Mimi nilikuwa ndani, kwenye baridi,
nahesabu megawati
na kuionea haya mikono yangu misafi.

Asubuhi nikamsimulia Mama. Moto haukumshangaza.
Kilichomshangaza ni Tete.
"Kumbe na yenyewe yaliletwa kwa meli," alisema.
Akanyamaza mpaka kahawa ikaingia utando.

Kisha akaniuliza neno
ambalo mgeni yeyote mwenye kofia ngumu na tai
hajapata kuniuliza:
"Na jivu je?"
La makaa, nikasema, malori hulipeleka kiwanda cha saruji.
La gesi halipo.
"Halipo?"
Halipo, Mama.
"Moto huzaa jivu," alisema. "Huo wenu ama ni tasa,
ama unaficha watoto wake."

Sikumjibu.
Nilitoka uani nikaitazama dohani ya mashariki.
Juu ya mdomo wake hewa ilikuwa inacheza
kama maji ndani ya bilauri, haina rangi,
na mlima wa nyuma yake ulikuwa umepinda.

Jana nimemletea kidogo, kinyume cha kanuni,
ndani ya kopo la halua.
Alikunja mikono ya nguo. Alilinusa, akakunja na uso,
akachota kwa kumbi la nazi,
akasugua kitako cha sufuria kama alivyofundishwa
na mtu ambaye kaburi lake hatujui lilipo.
Akasugua. Akamwaga maji. Akasugua tena.
Sufuria ilibaki nyeusi.

"Jivu geni hili," alisema.
Kopo hakulitupa.