Gundi ya Muhogo

Kitabu changu kilizaliwa mfuko wa saruji.
Niliukung'uta nyuma ya duka, hapa Tororo,
vumbi likanipanda nywele nikazeeka ghafla,
na Ochwo mpakiaji akacheka hadi akaketi:
"Mama Adikini, leo unafua karatasi?"

Nafua, ndiyo.
Tabaka la nje lina maandishi, litupe.
La ndani limekula vumbi, litupe nalo.
La kati ndilo: kahawia, gumu, halijaambiwa neno.
Lipige pasi ya vuguvugu,
likunje, likate kwa kisu cha mkate,
na kingo zikitoka kama meno ya mtoto wa miaka saba
ziache.

Uzi nilichomoa kwenye gunia la sukari.
Sindano ni shazia. Matundu matano mgongoni.
Gundi: vijiko viwili vya unga wa muhogo, maji, moto mdogo,
koroga, usiitikie mtu mlangoni,
mpaka uji ung'ae kama ute wa yai.

Na cha kubandika?
Hapo wengi hukwama. Wanangoja kitu kizuri.
Kizuri kina wenyewe, kina fremu, kina msumari ukutani.
Wewe anza na risiti.

Mimi nilianza na ya misumari kilo tatu,
mteja aliacha chenji, shilingi mia tano, hakurudi.
Kisha vocha za simu za enzi zile za kukwangua:
nimezipanga zikawa mabati ya nyumba
ambayo sijawahi kuwa nayo.
Kisha gazeti lililofungia roleksi;
mafuta yamelitoboa dirisha,
ukiliinua unaona upande wa pili waziri kichwa chini.
Kadi ya chanjo ya Adikini niliishika, nikairudisha kabatini.
Hiyo bado ina kazi.

Wanaosema akiba haiozi hawajaona mende.
Asubuhi moja nafungua, ukurasa wa nne ni kamba ya nyavu.
Gundi yangu ilikuwa chakula, na mimi ndiye niliyeandaa meza!
Wamekula bei, wakaacha jina.
Bi Amoding wa duka la dawa akanipa shabu ya unga:
"Tia chembe kwenye uji, watakukimbia."
Tangu hapo wamekimbilia kwake.

Jina walilobakisha lilitoka daftari la madeni.
Miaka kumi na mmoja nimeliweka chini ya mizani,
mwandiko wa Owere wangu, umeinamia kulia
kama mtu aliyebeba ndoo upande mmoja.
Nusu ya wadeni wamemfuata huko aliko.
Sikujua nilifanyeje. Kulichoma ni kumchoma.
Kudai ni kugonga milango ya wajane wenzangu.
Basi nikalikata vipande vipande:
huyu kando ya lebo ya majani chai,
yule chini ya tiketi ya basi la Soroti,
huyu wa mabati kumi nimemtilia kitufe cha shati.

Ochwo aligeuza kurasa kwa kidole chenye saruji.
Nilitaka kumkemea, nikaona kidole kimesimama.
*Yokana Obbo. Mifuko sita. Atalipa akivuna.*
"Baba," akasema.
Hakusema lingine. Akabeba mfuko, kisha mwingine,
akapakia lori zima bila kupiga mluzi.

Kidole chake kimebaki pale, cha kijivu.
Sijakifuta.

Kesho yake nikadhani ameleta pesa,
nikaanza kukataa kabla hajafungua kiganja.
Ilikuwa picha ya kitambulisho,
ndogo kama stempu kubwa, kona moja imeraruka,
mzee kakaza macho kana kwamba mpiga picha ana deni lake.

"Gundi ipo?" akauliza.
Ipo, nikamwambia, lakini ndiyo kwanza imetoka jikoni.
Vuta kreti. Keti. Ngoja ipoe.