Kofia za Taa

Tangazo la mtaa lilibandikwa Jumatatu
kwenye mlango wa mashine ya kusaga:
vifungu vinne, muhuri, sahihi ya mtendaji iliyovuja wino.
Taa ya nje itazame chini.
Taa ya nje isivuke ukuta wa mwenyewe.
Bango la biashara lilale saa nne.
Na cha nne, kilichotuchekesha Sahare nzima:
mwanga mweupe mkali ubadilishwe, uwe wa rangi ya samli.

"Samli!" akaguna Mwanashamba, mikono imejaa unga wa vitumbua.
"Leo wamepanda kwenye taa, kesho watafunua vyungu."

Mimi sikucheka sana.
Nusu ya taa hizo nilizifunga mimi,
kwa ngazi hii, kwa bisibisi hii yenye mpini uliotafunwa.
Kilua wa nyumba ya wageni aliniambia,
"Fundi, nataka Pemba waione."
Nikazielekeza Pemba, nne, mbili za umeme, mbili za sola.
Sijui kama Pemba zilifika.
Zilifika kwa Bi Mwanamvua, dirisha la pili,
akalala na kanga mbili dirishani tangu Machi,
na jogoo wake akawika saa saba, saa nane, saa tisa,
mpaka akawa mchuzi kwa kosa lisilo lake.

Na jioni ile ya ishirini na tisa Shaabani
tuliipa bahari mgongo, tukatazama magharibi, juu ya mapaa,
shingo ndefu, mikono juu ya nyusi.
Kijana mmoja akapaza sauti: ule pale!
Takbiri ikaanza kooni mwa watu.
Ulikuwa ukingo wa tangi la maji la Kilua,
umepigwa na taa yangu.
Tukaingia ndani kusubiri redio.

Mkutanoni Shemboza, mlinzi wa ghala, alisimama na rungu lake:
"Mkizima, mwizi atatushukuru."
Akaulizwa, pampu ya maji iliibwa chini ya taa gani?
Akakaa. Taa ile ilimpiga machoni yeye;
mwizi alikuwa nyuma yake, kivulini, anafungua nati kwa raha zake.

Ndipo akanyanyuka mwanamke wa bondeni,
mtoto mgongoni, jina lake sikulishika:
"Hilo giza mnalolitungia sheria
sisi tunalo, nguzo haijawahi kufika.
Njooni mteke, debe kwa debe.
Halafu mtuachie taa moja, pale kwenye ubao wa mtaro.
Mwezi jana shangazi alitumbukia."

Mtendaji akaandika kitu.
Akakifuta.

Wiki nzima nilikata madebe ya mafuta ya kula,
nikayakunja, nikayapaka rangi nyeusi kwa ndani,
kofia thelathini na moja.
Watoto walinifuata ngazi hadi ngazi
wakizisalimu taa shikamoo, kwa kuwa zimeinamisha vichwa.

Zile mbili za sola nilizishusha kwa Kilua.
Akauliza zinakwenda wapi. Nikasema, kazini.
Kifungu chake hakimo katika tangazo.
Moja sasa iko bondeni, juu ya mti wa mvinje,
imevaa kofia, imeukodolea ubao wa mtaro
kama mtu aliyeangusha sindano.
Ya pili betri yake imekufa. Natafuta nyingine.

Usiku wa kwanza Kilua alitoka na msuli wake:
"Fundi, Pemba hawanioni tena."
Nilikuwa nahesabu Kilimia.
Mama alikuwa akipata saba, mimi sita daima;
nikapata sita, nikaanza upya,
naye akasimama kando yangu, amenuna,
hata nikamsikia chini chini: nne... tano...

Bi Mwanamvua ameshusha kanga moja.
Ya pili bado ipo dirishani.
"Naingoja sheria ikomae," alisema,
"za mtaa huu hufa changa."
Jogoo mpya hajanunua.