Nyayo za Kushoto

Lembris huniua kila usiku, yeye akiwa Sakina,
mimi Pasua, Moshi, nyuma ya pazia la jikoni.
Hunijia kutoka kushoto, kwa miguu, bila haraka,
kisha hucheka kwenye maiki: "Hukunisikia?"

Sikumsikia.
Miaka kumi na mmoja nimesukuma mbao kwenye msumeno,
sikio la kushoto likiyatazama meno yake.
Ulianza kula ncha za sauti:
ndege wadogo, kisha kengele ya baiskeli,
kisha herufi moja moja ndani ya majina.
Nikilalia sikio la kulia
mke wangu Anasia huitwa Anaia.

Nikajaza kopo la maziwa. Laki moja na themanini,
noti za Jumamosi, zinanuka vumbi la mkangazi.
Nikapanda ngazi mtaa wa Rindi, dukani kwa Nakijwa,
Mpare, mtani wangu,
hapotezi shilingi yake, wala, kumbe, ya mteja.

Hedifoni zilining'inia kwenye ndoano kama buchani.
"Zile zinawaka taa," nikasema.
"Masikio hayaoni," akajibu, hata hakuinua kichwa.
"Kompyuta yako ikitulia, unasikia nini?"
"Nyuki."
"Ukisogeza mausi?"
"Wanakasirika."
"Basi ukinunua hedifoni za bei mbaya
utakuwa umenunua nyuki walio wazi zaidi."

Akanieleza: kadi ya ndani imepanga chumba kimoja
na feni, na umeme unaovuja, na diski inayokoroma;
nani angeimba vizuri humo?
Akaweka mezani kadi ya nje, kiboksi cha ukubwa wa kiberiti,
mkia mmoja wa waya. Elfu sitini na tano.
Nilitaka kubisha. Kiberiti!
Akachomeka.
Nyuki wakahama.

Zikabaki laki moja na kumi na tano na jozi mbili.
Ya kwanza imefungwa pande zote, ngozi laini.
Nilipoivaa Moshi ikazimika:
bodaboda, muuza karanga na sarafu zake kiganjani,
hata midomo ya Nakijwa ikabaki midomo tu.
Nikaivua upesi.
Ukimya ule naujua. Ninao upande mmoja, bure.

Ya pili mgongo wake ni wavu.
"Hii inavujisha," akaonya, "ndani na nje.
Wa nyumbani watasikia unachosikia."
Nina mtoto wa miezi saba. Nikachukua ya wavu.

Kisha akanifumbisha macho, akapiga mluzi wa mashine,
mwembamba, mwembamba zaidi,
nami niinue kidole kila ninapoupata.
Kulia niliinua, nikainua.
Kushoto mkono ulilala pajani muda mrefu
na hakuna aliyecheka.
Akavuta vitufe vya kushoto juu kwenye kioo, polepole,
akaniandikia namba nyuma ya risiti.
"Sikio halirudi," akasema. "Ila tunaweza kulisogezea kiti."

Umeme ulirudi saa tatu usiku.
Kokoto. Kushoto. Moja, mbili, anasita, tatu.
Sikuamini, karibu nimwache apite.
Nikageuka.
Kwenye maiki ya Sakina hakuna aliyecheka,
ila baadaye kidogo: "Nani amekuambia?"

Ningeendelea mpaka asubuhi.
Lakini nikafungua ujumbe wa zamani, wa sauti,
wa mwaka ule tulipokuwa bado tunaogopana:
Ni mimi, Anasia. Usisahau sukari, na sabuni ya kusafishia masufuria.
Sa, si, sa, su, sa.
Nikarudia. Lembris akaniua mara mbili, nikamwacha.
Sukari. Sabuni. Anasia.

Nyuma yangu kitanda kikalia.
"We Ndewario, mbona unanisikiliza huko
na mimi nipo hapa?"

Nikavua hedifoni.
Nikamgeuzia sikio la kulia.