Asilimia Themanini na Tatu

Sena, kisiwani Mfangano. Simu imeegemea kopo la Kimbo.
Shangazi Felgona amejifunga kitambaa cha kanisani
kwa sababu, anasema, leo anarekodiwa.

"Sema chochote," namwambia.
Chochote! Kwa lugha
ambayo mezani pale amebaki nayo peke yake.
Anakohoa. Anaanza na kuku,
kuku aliyeibwa mwaka wa njaa,
na jina la mwizi, ambalo kanuni zataka nilifute.

Nabonyeza. Kiduara kinazunguka;
mtandao wa kisiwani ni kobe.
Kisha mashine yajibu kwa ujasiri wa karani mgeni:
Kiganda. Asilimia themanini na tatu.

Naona haya, kama aliyeleta mgeni nyumbani
na mgeni akamwita mwenyeji jina la jirani.
Yeye anacheka hadi kitambaa kinateleza.
"Haijakosea sana. Wazee walitoka huko kwa mitumbwi.
Iambie tumechelewa kurudi."

Mimi humwota marehemu mama kwa Kijaluo,
hudai madeni yangu kwa Kiswahili.
Kisuba nakijua kama nyumba
niipitayo usiku kwa nje:
naona taa, vyumba sivijui.

Kwenye orodha ya lugha hatuna kisanduku.
Nachagua "Nyingineyo."
Faili ya kwanza: mwizi wa kuku.

Jina lake sikulifuta.
Katika dakika zote kumi na moja
hakuna neno shangazi alilolitamka
wazi kuliko hilo.